Kutoka Ogwedhi hadi Kisumu: Nani Atatufumia Sanda?

Sokoni Ogwedhi mvua ilitukusanya watu watatu chini ya kibaraza kimoja. Wa kwanza alikuwa mzee wa Kimaasai aliyejitanda shuka jekundu la miraba. Wa pili kijana wa Kijaluo, na shati lake lina maandishi ya timu ya mpira ya shule fulani ya Marekani ambayo hajapata kuiona wala hataiona. Wa tatu ni mimi mwandishi wenu, na kanzu yangu nyeupe imeanza kushika tope la huko bara. Mazungumzo yalipopamba moto, yule mzee akanishika mkono wa kanzu, akaufikicha kwa vidole viwili kama afanyavyo mnunuzi dukani, akaniuliza, "Hii yatoka wapi?"

Nikamjibu kwamba niliinunua kwa mtu aliyeileta kutoka Dubai, na Dubai nako nadhani ilipita njia tu. Mzee akacheka, akasema shuka lake naye aliambiwa na mwenye duka kuwa limetoka ng'ambo. Shati la kijana halikuhitaji shahidi. Basi tulikuwa watu watatu wa makabila matatu, na hapana hata mmoja wetu aliyevaa uzi uliosokotwa katika nchi hii. Kofia yangu ndiyo iliyoniponya na aibu kidogo, maana imetobolewa kwa mkono wa fundi wa Lamu. Lakini hata hiyo, kitambaa chake ni cha wageni. Cha kwetu ni sindano na subira.

Ndugu msomaji, nilikwenda Ogwedhi kwa jambo la heri. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ameolewa na mwalimu wa huko, na Mwenyezi Mungu amewajaalia mtoto wa kiume, nikaalikwa akika. Ogwedhi ni soko la kaunti ya Migori, upande unaopakana na Wamaasai wa Narok, na hapo Mjaluo, Mmaasai, Mkuria na Mkisii huuziana ng'ombe, mahindi na nguo. Kuna miaka waligombana kwa ajili ya mifugo na mipaka, na kuna miaka mingi zaidi walioana. Mimi niliwakuta wakibishana bei ya mbuzi kwa lugha tatu, na Kiswahili ndicho kilichokuwa mwamuzi.

Zawadi niliyochukua kutoka Mombasa ilikuwa doti ya leso, kama ilivyo ada yetu. Mtoto alipofungwa ndani ya leso ile nikaisoma tena: jina lake ni la dua, Kiswahili chake safi, lakini pembeni yake kwa herufi ndogo imeandikwa kwamba imetengenezwa India. Nikawaza: maneno yetu, nguo ya wenzetu. Tangu hapo, kwa muda wa juma zima, sikuweza kumtazama mtu bila ya kuitazama nguo yake. Na kwa kuwa nilikuwa na deni langu la siku nyingi mjini Kisumu, mji uliokuwa ukifuma nguo, nikaamua kupita njia ya ziwa hadi huko. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyaona, niliyoyala na niliyoyawaza.

Kwanza walinipeleka Thimlich Ohinga, mwendo wa kilomita 46 hivi kaskazini magharibi ya mji wa Migori. Ni boma la mawe makavu, kuta zake nyingine fupi kama kifua cha mtu na nyingine zapita mita nne, na ndani yake hamna chokaa wala udongo wa kushikamanisha. Wataalamu wanakisia kwamba lilijengwa karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO ikaliandika katika orodha ya urithi wa dunia. Sisi watu wa pwani tumezoea kujivunia mawe. Lamu iliandikwa mwaka 2001, Ngome ya Yesu mwaka 2011, na Gedi mwaka 2024. Lakini mawe yetu sisi twayashika kwa chokaa ya matumbawe. Haya ya Migori yanashikana yenyewe, jiwe limeliegemea jiwe, dogo limezibia kubwa, na miaka mia nne na zaidi yamesimama. Nilisema moyoni mwangu kwamba hivi ndivyo nguo inavyofumwa. Uzi hauna gundi. Kinachoishika nguo ni kupishana kwa nyuzi.

Kutoka hapo tukashuka hadi Homa Bay, kisha Kendu Bay. Nchi hii ya ziwa ilikuwa ya pamba. Miaka ya mwanzo ya karne ya 20 serikali ya kikoloni iligawa mbegu kwa machifu wa Nyanza, na mwananchi akalima ili apate fedha ya kodi. Baadaye vikawekwa viwanda vya kuchambulia pamba, Homa Bay kimoja, na Kendu Bay kimoja. Wazee wa Karachuonyo bado wanakumbuka mistari ya wakulima na mizigo yao, na mizani, na watoto waliopumzika juu ya magunia laini wakishukiwa na usingizi. Leo ukienda Migori utaona miwa iliyokuja na kiwanda cha sukari cha Awendo, kilichoanza kusaga mwaka 1979, na utaona tumbaku. Pamba utaitafuta sana.

Kendu Bay ina jambo litakalomfurahisha msomaji wangu. Hapo pana Waislamu wa tangu zamani, Wajaluo kwa kabila, na msikiti wao wa Tawakal ni miongoni mwa misikiti ya kale ya nchi ya ziwa. Nilisali Adhuhuri pale, nikasikia Fatiha ikisomwa kwa lafudhi ya Kijaluo, tajwidi yake imenyooka kuliko ya baadhi yetu tulioanza chuo tukiwa na meno ya utotoni. Baada ya sala wenyeji wakanionyesha ziwa dogo la Simbi Nyaima. Kisa chake ni hiki: palikuwa na kijiji, na usiku mmoja wa karamu akaja bikizee mchovu akiomba chakula na mahali pa kulala. Wakamfukuza, ila mwanamke mmoja aliyemkirimu. Usiku ule ule ikashuka mvua kubwa, kijiji kikazama na watu wake, akasalimika yule mkarimu tu. Mtu aliyesoma chuoni akisikia kisa hiki hana haja ya kuelezwa. Mafunzo ya mgeni na mwenyeji ni yale yale, hata maji yakiwa ya ziwa na si ya bahari.

Na kwa kuwa nimetaja ukarimu, nisipite chakula. Kuna watu wa pwani waogopao safari za bara kwa sababu ya nyama: imechinjwa na nani, imechinjwa vipi? Mimi nawaambia, nchi ya ziwa ndiyo nchi nyepesi kwa Mwislamu, kwa maana chakula chao ni samaki, na samaki hachinjwi. Nilimla ngege wa kuchemshwa na nyanya na kitunguu, mchuzi wake mwembamba ambao kwanza nikaudharau, kisha nikaurudia mara tatu. Sisi humpaka samaki tui na ndimu na pilipili hata akasahau kwao. Wao humwacha ngege aseme mwenyewe. Nilimla mbuta wa kukaangwa, samaki mkubwa mgeni katika ziwa hili, aliyetiwa na watu miaka ya 1950 na 1960, akawala wenyeji wengi waliomtangulia. Nilikula na omena, nduguye dagaa wetu.

Lakini kilichonishinda ni mboga. Mgagani, ambao wao huuita dek, ni mchungu kwa asili yake. Mama wa Kijaluo huuchemsha, akautia maziwa, akauweka, kesho akaurudisha motoni na kuutia maziwa tena, hata uchungu ukawa si uchungu bali ni ladha. Mnavu nao wanaufanyia hivyo hivyo. Huliwa na ugali wa mtama uliotiwa unga wa muhogo, mweusi kidogo na mzito, wa kumshibisha mtu aliyeshika jembe. Nimekaa pwani miaka zaidi ya hamsini nikila mchicha wa nazi, na sikujua kwamba uchungu wa mboga unaweza kufugwa kama mnyama.

Siku ya nne niliingia Kisumu. Mji huu ulianza kuitwa Port Florence reli ilipofika ziwani mwezi wa Desemba mwaka 1901. Wenyeji wanasema jina la Kisumu latokana na mahali pa kubadilishana vyakula. Mwaka 2001, mji ulipotimiza miaka 100, ukapewa hadhi ya jiji. Mtu wa Mombasa asidhani kwamba mji huu hamhusu. Kabla ya njia ya reli kuendelea hadi Kampala mwaka 1931, pamba ya Uganda ilivuka ziwa kwa meli, ikapakuliwa Kisumu, ikapanda gari la moshi, ikashuka Kilindini. Babu zetu ndio walioyabeba marobota yale kwa migongo yao kuyatia melini. Yalikwenda Bombay na Lancashire yakiwa pamba, yakarudi Kilindini yakiwa nguo, na babu zetu wale wale wakayapakua, wakanunua. Mgongo mmoja ulibeba kwenda na kurudi, na faida ikabaki njiani.

Wala si Waingereza walioanza mchezo huu. Karne ya 19 nguo nyeupe iliyovaliwa kutoka Unguja hadi maziwa makuu ilikuwa ya viwanda vya Massachusetts, ikija kwa majahazi makubwa ya bandari ya Salem; Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na nguo ile tukaiita marekani hata leo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipoikausha pamba yao, viwanda vya Bombay vikachukua nafasi. Lakini kabla ya wote hao tulikuwa tukifuma wenyewe. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba nguo za mji ule zilipelekwa hadi Misri. Wareno waliisifu nguo ya Pate. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua Kilwa vijiwe vya kusokotea uzi. Kwa hiyo anayesema kwamba Mswahili hakupata kufuma hajui habari zake.

Baada ya uhuru, nchi zetu zilitaka kuukata mzunguko huo wa Kilindini. Kisumu ikapata kiwanda kikubwa cha nguo, KICOMI. Dar es Salaam wakafungua Urafiki mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina, na kanga zake tulizivaa hata sisi wa upande huu. Eldoret wakaanzisha Rivatex mwaka 1976. Pwani yetu nayo haikukaa kitako: pamba ililimwa Hola na Bura kwa maji ya mto Tana, na Mpeketoni hulimwa hadi leo. Kwa muda mfupi, ndugu zangu, mtu aliweza kuzaliwa, kusoma, kuoa na kuzikwa ndani ya pamba ya nchi yake.

Sasa nieleze deni langu. Nilikuwa na ami, mdogo wa baba yangu, aliyetoka Mombasa katika miaka ya 1970 kwenda Kisumu kufanya kazi ya kufuma nguo. Kila mwaka mwezi wa Shaabani ulipoandama, likija kwetu furushi kwa basi, na ndani yake jora la bafta nyeupe. Mama alilipeleka kwa fundi, na asubuhi ya Idi sisi watoto wa nyumba ile tulitoka na kanzu mpya, sote za kitambaa kimoja, tukaenda msikitini tumejipanga kama vijiti vya kiberiti. Sikujua siku zile kwamba Kisumu ni mji wa samaki. Nilidhani Kisumu ni mahali Idi inakotoka.

Miaka ya 1990 furushi likakoma. Milango ya nchi ilifunguliwa, mitumba ikaingia kwa makontena, wakulima wakaichoka pamba isiyowalipa kwa wakati, na viwanda kimoja baada ya kimoja vikazima mashine. Ami hakurudi Mombasa. Alikuwa ameoa Kisumu, mke aliyesilimu kwa hiari yake, na alisema hawezi kurudi kwao mikono mitupu. Akafa huko. Habari ilipotufikia alikuwa amekwisha kuzikwa, kama sharia inavyotaka. Nikasema nitakwenda kumzuru mwezi ujao. Miezi ile imekuwa miaka kumi.

Mke wa ami alinipokea mlangoni. Nikambusu mkono, nikamwita Mama, naye akaniita mwanangu, ingawa ndiyo mara ya kwanza kuniona nikiwa na mvi. Hakunilaumu. Alinikaribisha ngege na ugali, akakaa akinitazama nikila, kisha akanihadithia jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Alisema ami alikuwa na kipande cha bafta, wari kumi na kitu, alichokinunua siku za mwisho za kazi yake. Kilifumwa kwa mashine aliyokuwa akiisimamia yeye mwenyewe. Alikikunja, akakitia kafuri, akakiweka chini ya sanduku. "Alisema ni sanda yake," Mama aliniambia. "Alisema, nguo niliyoifuma mwenyewe ndiyo nitakayokwenda nayo kwa Mola wangu."

"Basi alizikwa nayo?" nikamuuliza.

"Hapana, mwanangu. Jirani alifiwa usiku, maskini, hana hata shilingi, na maduka yamefungwa. Ami yako alifungua sanduku. Nilimwambia, na wewe je? Akanijibu, Mungu anajua duka langu liko wapi."

Akanyamaza kidogo, akaziokota punje za ugali mkekani. "Siku yake ilipofika tulituma dukani. Ilikuwa nyembamba. Walimvisha tatu kama ilivyo suna, na bado wale waoshaji wakataka iongezwe, mwili usionekane."

Asubuhi yake nilikwenda makaburini, nikasoma Yasini, nikamwomba msamaha. Kisha tukapita njia ile aliyokuwa akipita ami kwenda zamu ya alfajiri. Zamani, waliniambia, king'ora cha kiwanda ndicho kilichowaamsha watu wa mitaa ile, Waislamu na wasio Waislamu. Leo kinachoamsha watu ni pikipiki.

Siku ya Ijumaa, baada ya sala katika msikiti wa Jamia, nilizunguka mjini. Nilifika makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1980, nikaona boma la Kijaluo lilivyopangwa, nyumba ya mke mkubwa ikilielekea lango. Nilifika Dunga, kwenye mafunjo na mitumbwi. Na Jumapili nilikwenda soko la Kibuye, ambako mitumba imemwagwa chini kama mavuno. Humo niliwauliza mafundi cherehani wanne, vijana hodari wa kazi: mtande ni nini? Mshindio ni nini? Hawakujua, na siwalaumu. Mtande ni nyuzi zinazotandwa kwa urefu, na mshindio ni uzi unaopita katikati yake kwa upana, na bila ya viwili hivyo hapana nguo duniani. Mimi niliyajua maneno hayo kwa ami, aliyeyajua kwa wazee wa pwani. Sisi washairi tunalalamika kila siku kwamba Kiswahili kinakufa. Kiswahili hakifi kitabuni. Neno hufa siku kazi yake inapokufa, na vyombo vya kufumia vilipozimwa vilikwenda na msamiati wao.

Hapa ndipo ninapotaka kusema lililo langu. Siku hizi neno utamaduni limekuwa na maana ya ngoma, manyoya kichwani, na meza ya vyakula mbele ya wageni wa heshima. Sikatai. Ngoma ni yetu na chakula ni chetu, na mimi mwenyewe nimekisifu hapa hata mke wangu atakaposoma atauliza maswali. Lakini utamaduni wa mji ni kazi za mikono ya watu wake kwanza, na ngoma hufuata baada ya kazi. Boma la mke mkubwa limehifadhiwa, nami nasema ahsante. Je, chumba cha mfumaji kihifadhiwe wapi? Wafumaji wa Kisumu wapo hai, wazee wa miaka sabini na themanini, wanakaa barazani na elimu yao vichwani. Kila mwaka tunawazika wachache. Naiomba kaunti ya Kisumu, na vyuo vya huko, viwatume vijana na vinasa sauti kabla baraza halijawa tupu.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa: Sheikh, usituletee mambo ya kale, mtumba ni rahisi, maskini amepata kuvaa, na mama wa Kibuye anasomesha watoto wake kwa mtumba huo. Ni kweli, na mama yule simgusi kwa neno baya; anatafuta halali yake juani. Nitaambiwa pia kwamba vipo viwanda vya nguo Athi River, vinavyouza Marekani tangu sheria yao ya mwaka 2000 ilipotufungulia mlango. Navyo ni kweli, vimewapa kazi vijana wetu. Lakini kushona si kufuma. Kitambaa kingi kinachoshonwa humo kimekuja kwa meli, kikakatwa, kikatiwa vifungo, kikarudi melini. Ni mgongo ule ule wa Kilindini, umebadilishwa shati.

Na asije mtu akasema haiwezekani. Rivatex ya Eldoret ilikuwa imefilisika. Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka 2007, na mwaka 2019 ikafunguliwa upya na mashine mpya. Tatizo lake si mashine. Mashine zinangoja pamba, na mkulima wa Homa Bay anangoja mnunuzi mwaminifu, na mnunuzi anangoja soko. Wote watatu wanangojana chini ya kibaraza kama sisi siku ile ya mvua ya Ogwedhi.

Soko hilo linaweza kuanzia wapi? Nasema lianzie kwetu. Kila mtaa wa Kiislamu, kutoka Vanga hadi Kiunga, una chama chake cha maziko, na kila chama kina kabati la sanda. Mwanamume huvishwa nguo tatu, mwanamke tano. Piga hesabu mwenyewe kwa mtaa wako. Pamba anayotiwa maiti nayo ni pamba. Soko la sanda halina msimu, halina fasheni, na mteja wake hakosekani. Vyama vyetu vikikubaliana, vikakiandikia kiwanda cha nchi hii vikisema, twataka bafta nzito, safi, marobota kadhaa kila mwaka, na fedha hii hapa, mkulima wa Karachuonyo atasikia. Kisha serikali za kaunti, za ziwa na za pwani, zifanye hivyo kwa sare za shule na mashuka ya hospitali. Kisha wenye maduka ya leso wa Mombasa, wenye sifa ya zaidi ya miaka mia ya kutuandikia majina matamu, watuwekee japo doti moja katika kumi iliyopigwa chapa hapa nchini, nasi tuahidi kuinunua hata ikizidi shilingi kidogo. Ahadi hiyo ndiyo ngumu. Tunapenda kulia na kiwanda kilichokufa, lakini dukani mkono wetu hwenda kwenye rahisi.

Katika Sura ya Nahl umetajwa mfano wa mwanamke aliyesokota uzi wake ukawa madhubuti, kisha akaufumua mwenyewe. Tulipokuwa chuoni mwalimu wetu alitueleza kwamba mfano ule ni wa wavunjao ahadi. Niliukariri nikiwa mtoto wa miaka minane, nimevaa kanzu ya bafta ya ami, wala sikuufahamu. Nimeufahamu Kisumu, mbele ya sahani ya ngege.

Kabla ya kuagana, Mama alinipa zawadi ya kumpelekea mjukuu wa Ogwedhi: kitambaa kidogo cheupe, kipande kilichobakia pale ami alipoikata ile sanda kwa ajili ya jirani. Hakitoshi kanzu wala kilemba. Mpwa wangu amekishona kikawa kofia ya mtoto. Kwa hiyo yupo mtu mmoja Ogwedhi, wa umri wa siku chache, aliyevaa uzi wa nchi hii. Naona huo ni mwanzo.

Nami nimalizie kwa beti mbili, kwa ajili ya ami, na kwa ajili ya wale watakaotaka kunijibu kwa shairi katika ukurasa huu.

Nilifika kaburini, kumzuru ami yangu,
Nikakumbuka zamani, kanzu ya utoto wangu,
Machozi yangu usoni, nauliza ulimwengu:
Mwenye kufumua uzi, nani wa kumsitiri?

Pamba ni ya kwetu shamba, na mkulima ni wetu,
Nguo twavaa mitumba, tukasahau za kwetu,
Na sanda ya kutupamba, ni uzi wa kigeni tu,
Mwenye kufumua uzi, nani wa kumsitiri?